Ishara ya Msalaba kwa Mkono wa Kushoto

Mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la shule ya awali, anaposimama mbele ya darasa kufundisha ishara ya msalaba, mara nyingi hutumia mkono wa kushoto. Anafanya hivyo makusudi. Mtoto wa miaka minne humwiga mtu anayemkabili kama anavyojiona kwenye kioo. Mwalimu akiinua mkono wa kulia, darasa zima litainua wa kushoto, na jioni shosho huko Jericho atauliza hiyo ni dini gani mjukuu wake anafundishwa.

Katika shule za awali za Kikatoliki, mafunzo mengi hupitia mwilini namna hiyo. Mtoto anajifunza kupiga goti bila kuanguka, kungoja zamu, kunyamaza kwa muda mfupi, kumpa mwenzake mkono wa amani hata kama saa moja iliyopita walikuwa wakinyang'anyana krayoni.

Makadara, hapa Nairobi, ina wazazi wa kila aina, kuanzia Buruburu, ilipo parokia ya Holy Trinity, hadi vibanda vya mabati vya Viwandani, ambako mama hutoka alfajiri kuwahi kibarua Industrial Area. Kipato chao hakifanani, lakini siku ya kuandikisha mtoto swali ni lile lile: atajua kusoma lini?

Mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi kote nchini Januari 2019, haujaipa shule ya awali haraka hiyo. Kuna shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Kipindi ni dakika 30, na dini hupata vipindi 3 kwa wiki. Mada za dini ya Kikristo ni uumbaji, Biblia, maisha ya Yesu, maadili na kanisa. Zinafundishwa vivyo hivyo hata katika nasari isiyokuwa na sista wala padri karibu.

Kinachoongezwa na Wakatoliki kwa sehemu kubwa kiko nje ya ratiba hiyo. Ni Salamu Maria kabla ya uji, na majivu kwenye paji la uso Kwaresima inapoanza. Ni krayoni ya zambarau inayoisha mapema kwa sababu ndiyo rangi ya Kwaresima na ya Majilio pia. Ni watoto wa PMC (Utoto Mtakatifu) wanaocheza wakati wa matoleo Jumapili, ingawa ni wachache wanaojua kwamba shirika lao la kimisionari lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, kwa wazo kwamba mtoto anaweza kumsaidia mtoto mwenzake. Halafu kuna igizo la Noeli, ambalo kalenda ya shule imelivuruga kabisa. Muhula wa tatu hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, hivyo Yesu huzaliwa Makadara kabla Majilio hayajaanza, na Mamajusi huwa na haraka kwa sababu wazazi wanasubiri ripoti.

Katika shule hizi, mara nyingi dini ndiyo inayofundishwa vizuri kuliko yote, na sababu yake haihusiani na utakatifu. Hakuna mzazi anayedai daftari lake. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliweka umri wa Komunyo ya kwanza kwenye miaka 7 hivi, kwa hiyo mtoto wa miaka minne hatahiniwi katekisimu. Mwalimu ana nafasi ya kupumua. Anaeleza uumbaji kwa punje ya maharagwe iliyolazwa kwenye pamba yenye maji ndani ya kopo la Kasuku, na watoto wanakwenda kuichungulia kila asubuhi, wakibishana ni ya nani imechomoza mzizi. Kengele ya hisabati ikilia, watoto hao hao wanaketi kujaza kurasa za namba ambazo vidole vyao bado haviwezi kuziumba, kwa sababu mzazi atakagua begi jioni.

Wakatoliki wenyewe wana historia ya kutetea kujifunza huku kwa mikono na mchezo. Tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori, daktari Mkatoliki, alifungua chumba cha watoto San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi mjini Roma. Kampuni iliyomiliki nyumba za mtaa huo ilikuwa imechoshwa na watoto walioachwa peke yao wakichora kuta na kuharibu ngazi wakati wazazi wako kazini. Landilodi yeyote wa Eastlands angeielewa hoja hiyo. Baadaye, huko Barcelona, mbinu zake ziliingizwa katika ibada, na watoto wakapanda ngano na mizabibu ili waelewe mkate na divai vinatoka wapi. Mwaka 1954 Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi waliendeleza kazi hiyo Roma, kwa madhabahu ya kimo cha mtoto na mchungaji wa mbao mwenye kondoo wa kushikika.

Hapa Nairobi, Masista wa Huruma chini ya Sista Mary Killeen walianzisha kazi ya Mukuru Promotion Centre mwaka 1985, kwa ajili ya watoto wa vitongoji hivi hivi vinavyopakana na viwanda.

Makadara ina Waislamu pia, na baadhi hupeleka watoto kwa masista. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule jukumu la malezi ya kiroho, huku ikimtaka alinde imani ya wengine. Waislamu wa Pwani nao walipata njia yao ya kuunganisha dini na mchezo. Mwaka 1986, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said na wenzake, wakisaidiwa na Aga Khan Foundation, walianza shule za awali ndani ya madrasa, ambamo Qur'ani na michezo vilikaa pamoja. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wazazi walitaka watoto waingie darasa la kwanza wakiwa tayari, na walimu wakawaonyesha kwamba mchezo ndio matayarisho.

Parokia zetu zinaweza kulisema hilo bila kumumunya maneno, kwenye mkutano wa wazazi wa kufungua muhula, kabla orodha ya vitabu haijagawiwa.