Mwaka Kabla ya Diploma: Maneno kwa Wanafunzi na Wazazi wa Bugarama

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, wazazi na walimu wao, huko Bugarama.



Najua kwamba wapo waliojiuliza, walipopata mwaliko huu, ni kwa nini polisi aje kuzungumza habari za chuo na za kazi. Mambo hayo ni ya mwalimu, na polisi kazi yake ni wezi na wagomvi. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya jambo lingine lolote. Kijana anayedanganywa na kuvushwa mpaka hadanganywi siku anapofika mpakani. Hudanganywa nyumbani kwao, katika zile wiki za kimya zinazofuata mtihani, wakati anapokaa barazani bila kujua kesho atafanya nini, na wazazi wake nao hawajui. Hapo ndipo huja mtu mwenye maneno matamu na simu nzuri. Kijana asiye na mpango wake hupangiwa na mtu mwingine. Sisi polisi tunaletewa jambo hilo likiwa limekwisha haribika. Leo tumekuja mapema.

Kwa nini basi tumewaita ninyi wa mwaka wa pili, na si wenzenu wanaomaliza? Tangu mwaka 2005 shule ya msingi nchini mwetu haina karo, na tangu mageuzi ya mwaka 2013 shule hiyo ya msingi ni ya miaka 9, kisha hufuata miaka 3 ya sekondari ya juu. Katika miaka hiyo mitatu, wa kwanza ni wa kuzoea masomo mapya, na wa tatu humezwa wote na mtihani wa taifa. Uliobaki ni wa pili. Huu ndio mwaka ambao akili ina nafasi ya kuangalia mbele. Ninyi ni watoto wa pwani ya Tanganyika. Mmewaona wavuvi wa Magara wakishona nyavu zao mchana, nchi kavu, kwa sababu hakuna anayeshona wavu usiku katikati ya ziwa huku dagaa wakipita.

Nitasema juu ya mambo matatu: karatasi, njia, na mpaka.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndilo jambo linalodharauliwa kuliko yote. Kila mmoja wenu anahitaji hati ya kuzaliwa, karangamuntu akifikia umri wake, na ripoti zake za shule za kila mwaka. Lakini kuwa nazo hakutoshi. Lazima zote zitaje mtu mmoja. Kwetu Burundi mtoto hapewi lazima jina la ukoo la baba yake. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Sisi tunaelewana. Ofisi ya ugenini haielewi, nayo itauliza jina la ukoo ni lipi. Tena jina la ubatizo liliandikwa namna moja parokiani, namna nyingine shuleni, na namna ya tatu tarafani. Herufi moja iliyokosewa inaweza kumzuia kijana aliyefaulu vizuri asiandikishwe chuoni, au kumfanya ashukiwe mpakani kwamba amebeba hati ya mtu mwingine. Kosa hilo likisahihishwa sasa, ni safari moja ya kwenda tarafani na kusubiri. Likisahihishwa wiki moja kabla ya uandikishaji, ni machozi, na ni mwanya kwa mtu wa kando atakayesema: nipe pesa, nitakutengenezea. Hati ya kutengenezwa namna hiyo ni hati ya kughushi, na aibu yake humwangukia aliyeibeba.

Kuna familia hapa zilizorudi kutoka kambi za Mtabila, Nyarugusu na Nduta, upande wa Kigoma. Kwenu nasema: msitupe karatasi yoyote ya kambini, hata ile inayoonekana haina maana. Ripoti ya shule ya kambini na hati ya kurejea nyumbani ndizo zinazoonyesha mtoto alisoma wapi na lini. Na kwa wote wanaokaa karibu na maji: katika miaka hii ya karibuni ziwa limepanda na kuingia katika nyumba za watu pwani yetu. Wekeni karatasi mahali pa juu, ndani ya plastiki, na nakala zake kwa jamaa anayekaa mlimani.

Jambo la pili ni njia. Hapa kosa letu kubwa ni kudhani kwamba baada ya diploma kuna mlango mmoja tu, chuo kikuu, na kwamba aliyeukosa amekosa maisha. Milango ni mingi, na kila mmoja una gharama yake na sharti lake. Upo Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964. Ipo shule ya juu ya ualimu, na vipo vyuo binafsi kadhaa. Anayetaka chuo cha umma ajue kwamba alama za mtihani wa taifa ndizo zinazoamua, na kwamba msaada wa serikali kwa mwanafunzi sasa hutolewa kwa mfumo wa mkopo. Mkopo hurudishwa. Mzazi na mtoto wakae pamoja, waulize masharti yake kabla ya kutia saini, wasije wakauchukua kama zawadi.

Anayetaka chuo binafsi asiulize karo peke yake. Chumba mjini Bujumbura kina kodi, sahani ya chakula ina bei, nakala za masomo zina bei, na barabara ya kutoka hapa kwenda mjini ina nauli. Andikeni hesabu ya mwaka mzima katika daftari, kisha igawanyeni kwa magunia ya mihogo au kwa madebe ya mafuta ya mawese ambayo nyumba inaweza kuuza. Hesabu ikikataa, ni bora ikatae leo mezani kuliko ikatae mwaka wa pili wa chuo, shamba likiwa limekwisha uzwa.

Tena nawaomba msiudharau ufundi. Eneo hili linaishi kwa mawese na kwa ziwa. Mashine za kukamulia mawese huharibika, injini za mitumbwi huharibika, umeme wa jua unahitaji mtu wa kuufunga, na mukeke unahitaji barafu au kikaushio, usioze kabla ya kufika sokoni. Kijana mwenye cheti cha ufundi na sanduku la zana anaweza kula kwa jasho lake hapa hapa, na akitaka kusoma zaidi, atasoma akiwa na chake mkononi.

Wapo pia wanaotamani kusoma nchi jirani, na hilo si kosa. Mwezi Mei mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba Jumuiya nzima iwe eneo moja la elimu ya juu. Lakini tangazo la wakuu halimwondolei mwanafunzi kazi yake ya kujiandaa. Nchini Tanzania mtoto husoma miaka 7, kisha 4, kisha 2. Kwetu ni 9 na 3. Kwa hiyo diploma yetu lazima ilinganishwe kwanza na ya kwao, na kazi hiyo kwa vyeti vya sekondari hufanywa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Hiyo inachukua muda na inahitaji hati zilizo sawasawa, kama nilivyotangulia kusema. Tena msidanganyike kwamba kwa kuwa mnajua Kiswahili, basi masomo yatakuwa rahisi. Kiswahili chenu ni mali: kitawapa rafiki, chumba na bei nzuri sokoni, na ni lugha rasmi ya Jumuiya. Hata hivyo sekondari na vyuo vikuu vya Tanzania, kama vya Kenya na Uganda, hufundisha kwa Kiingereza, nanyi mmesoma kwa Kifaransa. Anayelenga huko aanze Kiingereza mwaka huu.

Sasa nifike kwenye mpaka, ambapo kazi yetu na maisha yenu hukutana. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inampa raia haki ya kwenda, kusoma na kufanya kazi katika nchi wanachama, kwa utaratibu: kwa hati ya kusafiria, kwa kupita kituoni, na kwa kibali cha masomo au cha kazi. Mpaka si adui yenu. Nani hapa hana shemeji Kigoma, au mjomba ng'ambo ya ziwa, Baraka au Kalemie? Tunachokataa ni kuvushwa gizani na mtu usiyemjua.

Mtu huyo ana njia zake, nanyi mzijue. Kwa mvulana, huahidi kazi ya shamba upande wa Tanzania; mwende kupagasa msimu mmoja, mrudi na pikipiki. Msimu ukiisha, mwenye shamba hukataa kulipa, na kijana ambaye aliingia bila hati huogopa kwenda kushtaki. Kwa msichana, huahidi kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, kwa mshahara unaotajwa kwa dola. Hupitishwa nchi jirani, hati yake ya kusafiria huchukuliwa, na huambiwa ana deni la nauli ambalo halimaliziki. Mwezi Oktoba mwaka 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Saudi Arabia kuhusu wafanyakazi wanaokwenda huko. Kwa hiyo njia ya halali ipo. Mtu anayetaka kumpeleka binti yako usiku, kwa njia ya panya, muulize ni kwa nini anauogopa mchana.

Sheria namba 1/28 ya tarehe 29 Oktoba 2014 inaadhibu usafirishaji haramu wa binadamu kwa kifungo cha miaka 5 hadi 10. Na aliyesafirishwa akiwa mtoto, kifungo ni miaka 10 hadi 15. Wapo wanaojitetea kwamba msichana alikubali mwenyewe. Kukubali kulikopatikana kwa uongo si kukubali, na kwa mtoto neno hilo halina nguvu kabisa.

Kila mnapoletewa ahadi ya kazi au ya masomo, ulizeni maswali haya matano. Mwajiri au chuo kinaitwaje, na kiko wapi? Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha ninayoisoma? Nani atashika hati yangu ya kusafiria? Nauli analipa nani, na itarudishwaje? Je, naweza kumwonyesha mwalimu wangu na mkuu wa kilima karatasi hizi kabla ya kuondoka? Mtu mwema atajibu yote, hata kama itamchukua siku mbili. Mdanganyifu atakasirika kwenye swali la tano, kwa sababu siri ndiyo mtaji wake.

Akina baba na akina mama, nina maneno machache kwenu. Msiuze shamba kumlipa mtu wa kati. Fedha ikiwa haba, msiseme moja kwa moja kwamba mvulana ndiye atakayesoma na msichana asubiri posa. Tazameni ni nani aliye na bidii. Na yule aliyekwenda akarudi mikono mitupu, msimcheke. Mnapomcheka, mnawafundisha wengine kunyamaza, na kimya chao kinamlinda aliyewauza. Yeye ndiye anayejua jina la mtu, njia iliyotumika na nyumba walimolala. Anayerudi akiwa ametapeliwa si mhalifu mbele yetu. Aje. Malalamiko hayalipiwi polisi. Askari akidai malipo ili ayapokee, mwambieni mkuu wake, naye atawajibika. Mnaweza kupiga simu 117 ya polisi, na kwa mambo ya watoto, 116.

Kazi ya mwaka huu basi iwe hivi. Muhula wa kwanza, kila mwanafunzi akusanye karatasi zake, alinganishe majina herufi kwa herufi, na kosa lipelekwe tarafani. Muhula wa pili, achague njia mbili, moja ya tamaa yake na moja ya akiba, aziandikie hesabu, kisha aende kumuuliza mtu anayeifanya kazi hiyo: muuguzi, fundi, mwalimu, mfanyabiashara wa mawese. Muhula wa tatu, mzazi, mwanafunzi na mwalimu wakae meza moja, wakubaliane nini kitafanyika mtihani ukifaulu, na nini kitafanyika usipofaulu. Neno hili la mwisho lisirukwe. Nyumba iliyozungumza mapema juu ya kushindwa haimfukuzi mtoto wake siku matokeo yanapotoka, na mtoto asiyefukuzwa hana sababu ya kupanda mtumbwi wa mgeni.

Nimewaomba walimu watuite tena muhula wa tatu ukianza, tuje kuona daftari hizo. Walio na maswali ambayo hawawezi kuyauliza mbele ya watu, nitabaki hapa chini ya mwembe mpaka wa mwisho aondoke.