MAISHA YA ASKARI UGENINI: URAFIKI, SHEREHE NA MATEMBEZI



Neno jeshi litajwapo, mara moja mawazo ya watu hukimbilia bunduki, mizinga na damu. Mawazo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Askari hapigani kila siku ya maisha yake. Siku zilizo nyingi hukaa kambini: hufanya kwata, hufua nguo, hungoja barua ya nyumbani, husikiliza habari za wenzake. Kambi, basi, ni mji kama miji mingine, wenye wazee wake na vijana wake, sheria zake na desturi zake, furaha zake na matanga yake. Hotuba hii ni juu ya mji huo, na hasa juu ya askari wa Afrika ya Mashariki waliotoka makwao katika vita vya 1939 hadi 1945, wakakaa ugenini, wakapata marafiki, wakafanya sherehe zao na kuziona nchi za watu.

WATU WA MAKABILA MENGI

Jeshi la King's African Rifles, ambalo raia wengi waliliita Keya, lilianzishwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya zamani vya Uganda, Afrika ya Mashariki na Afrika ya Kati. Wakati wa amani askari aliyeoa aliweza kukaa kambini pamoja na mke na watoto wake. Wanawake walijuana, wakapeana chumvi na moto, wakasaidiana katika uzazi. Na watoto walikua wakisikia baragumu alfajiri kama watoto wengine wasikiavyo jogoo.

Vita vilipokuja mambo yaligeuka. Watu zaidi ya 250,000 wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingia katika jeshi hilo na vikosi vilivyoambatana nalo. Wengine walikuwa wapiganaji, wengine madereva, wapishi, wauguzi, mafundi, wapeleka simu na walimu. Wake zao walibaki vijijini, wakapokea sehemu ya mshahara iliyokatwa kwa ajili yao kila mwezi.

Katika hema moja aliweza kulala Mkamba karibu na Mjaluo, na Mnandi karibu na Mnyamwezi. Nyumbani huenda wasingalikutana maisha yao yote. Hapo kwanza kila mmoja alimtazama mwenzake kwa wasiwasi, kwa kuwa hakujua chakula chake wala miiko yake. Lakini watu wakichimba handaki moja na kunywa maji ya chupa moja, wasiwasi hauwezi kudumu. Askari wa Nyasaland walikuwa na Kinyanja chao, na wengine wengi walisemezana kwa Kiswahili. Kiswahili cha Keya kilichekwa sana na watu wa pwani, wakasema kwamba hakina mkia wala kichwa. Hata hivyo ndicho kilichomwezesha mtu wa Kitui kumfariji mtu wa Songea usiku wa mvua.

Utani nao ulifanya kazi yake. Wahehe na Wangoni, ambao babu zao walipigana vita vikali, walikuwa wamekwisha kuvigeuza vita hivyo kuwa mzaha, hata mtu akamtukana mtani wake bila ya kumkasirisha, na msiba ukitokea akawa wa kwanza kuja kusaidia. Desturi kama hiyo ni mali kubwa kambini, kwa kuwa mahali penye silaha na uchovu mzaha huweza kuzuia ugomvi.

Tena, aliyejua kusoma na kuandika alikuwa rafiki wa wote. Yeye ndiye aliyeandika barua za wenzake, akajua siri za nyumba nyingi: deni la mahari, ng'ombe aliyekufa, mtoto aliyezaliwa baba akiwa mbali. Mtu wa namna hiyo alipaswa kuwa na ulimi mzito. Jeshi nalo lilikuwa na Kikosi cha Elimu, ambacho walimu wake walifundisha kusoma, hesabu na habari za dunia, na askari wengi waliotoka nyumbani bila ya kujua hata herufi moja walirudi wakiandika majina yao wenyewe.

MSIBA WA BAHARINI

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ilikuja mapema. Mwezi wa Februari, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 chaitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, mabaharia, na wanawake wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldive, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Katika watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa.

Habari hiyo ni lazima ikumbukwe na kila asemaye juu ya safari za askari. Walioshuka salama Colombo, wakaenda sokoni na kupiga picha, walijua kwamba bahari iliyowafikisha wao imewazuia wenzao. Kwa hiyo furaha yao haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa furaha ya watu wanaojua bei yake.

KUIONA CEYLON

Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, walifanya mazoezi Ceylon kabla ya kwenda vitani Burma. Mtu wa pwani alipoiona nchi ile hakujiona mgeni sana, kwani kuna minazi, miembe, mdalasini na wavuvi wenye ngalawa. Mtu wa bara naye, hasa atokaye Kericho au Limuru, aliona milima iliyofunikwa kwa chai tangu chini hata juu.

Walipopata ruhusa baadhi yao walikwenda Kandy, mji wa wafalme wa zamani ulio katikati ya vilima. Pale pana ziwa lililochimbwa kwa amri ya mfalme mwanzoni mwa karne ya 19, na kando yake pana Hekalu la Jino, ambalo Wabuddha huliheshimu sana kwa kuwa wanaamini kwamba jino la Buddha limehifadhiwa humo. Kila mwaka, kati ya Julai na Agosti, hufanywa maandamano makubwa ya usiku yaitwayo Perahera, yenye ngoma, mienge na tembo waliovikwa nguo za mapambo.

Tembo hao waliwashangaza Waafrika kuliko kitu kingine. Katika nchi zao tembo ni mnyama wa kukimbiwa, avunjaye mashamba na kuua watu. Kule walimwona akiogeshwa mtoni kama ng'ombe, na baadaye Burma wakamwona akivuta magogo kwa amri ya mtu mmoja aliyeketi shingoni. Safari hufundisha hivyo: jambo ambalo mtu alidhani haliwezekani, huliona likifanywa na mtu kama yeye.

SHEREHE ZA KAMBINI

Sherehe kambini zilifuata dini na desturi za watu. Idi ilipofika Waislamu walisali pamoja, na Krismasi ilipofika Wakristo waliimba nyimbo zao, kila kundi kwa lugha yake. Jirani mwema hushika zamu ya mwenzake siku ya sikukuu, ili mwenzake apate kusali na kula kwa raha. Kisha siku yake ifikapo hulipwa wema ule ule. Desturi hiyo ndogo yafaa kuigwa na raia pia.

Ngoma nazo hazikuachwa nyumbani. Kulikuwa na ngoma za kila kabila, na kulikuwa na beni, ngoma iliyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19, ambayo wachezaji wake waliiga gwaride na matarumbeta ya jeshi na kupeana vyeo vya mfalme, jemadari na daktari. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wachukuzi waliieneza hata ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Jambo la kuchekesha ni kwamba mtu aliyekuwa askari wa kawaida mchana aliweza kuwa jemadari jioni katika beni. Lakini ndani ya mchezo huo mlikuwa na maana: watu walijifunza kuongozana, kutunza fedha za chama, kuzika wenzao, na kushindana bila ya kuumizana.

BONDE LA KABAW NA MTO CHINDWIN

Katikati ya mwaka 1944 wakati wa matembezi ulikwisha. Divisheni iliingia Burma, ikashuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika. Barabara ziligeuka kuwa tope, malaria ikaangusha watu, na mara nyingi chakula kiliangushwa kutoka angani kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba mji wa Kalewa ulitwaliwa, na hapo mafundi wa jeshi wakatandika daraja la chuma juu ya mto Chindwin, lenye urefu wa futi 1,154. Wakati ule hapakuwa na daraja la aina hiyo lililolipita kwa urefu. Waafrika, Wahindi na Waingereza walivuka juu yake.

Urafiki wa kambini ulipimwa katika bonde lile. Aliyekuwa akichekwa kwa ushamba wake huenda ndiye aliyembeba mwenzake majeruhi. Tarehe 15 Agosti, 1945, Japani ilipotangaza kusalimu amri, walioimba walikuwa na majina ya wasiokuwapo mioyoni mwao.

MACHO YALIYOFUMBUKA

Si haki kusifu safari hizi bila ya kutaja uchungu uliokuwamo. Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko Mwingereza, na hata kuliko Mhindi, ingawa risasi haikuuliza rangi ya mtu. Tena, aliona mambo ya kulinganisha. Huko Ceylon watu wazima, wanaume kwa wanawake, walikuwa na haki ya kupiga kura tangu mwaka 1931. Waafrika wa Kenya hawakuchagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria hata Machi, 1957. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye akajulikana kama Jenerali China, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi mazungumzo na watu wa mataifa mengine yalivyomfumbua macho. Burma na Ceylon zote mbili zilipata uhuru mwaka 1948, na waliokuwa wamekaa huko walizisikia habari hizo kama habari za majirani.

Wengi walirudi nyumbani wakitumaini kupata shamba, kazi au leseni ya duka, na wengi hawakupata. Lakini walichokwisha kukiona hakikuweza kuondolewa machoni mwao.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Tarehe 12 Desemba, 1963, vikosi vya Keya vya Kenya vilipata jina jipya la Kenya Rifles. Waliofika Burma wamebaki wachache sana, na katika nyumba nyingi vitu vyao vimo hatarini: nishani imechezewa na watoto, picha imeliwa na mchwa, barua imewashia moto. Kila ukoo uliokuwa na askari wafaa kufanya mambo matatu. Kwanza, kuandika nyuma ya kila picha majina ya walio ndani yake, pamoja na mahali na mwaka ukijulikana. Pili, kuweka pamoja vyeti na nishani mahali pakavu. Tatu, kuwauliza wazee, si habari za vita tu, bali majina ya marafiki: nani alikuandikia barua, nani alikushikia zamu, nani hakurudi.

Haja hiyo ni kubwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu mengi ya Waafrika, hasa askari na wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918, hawakuandikwa majina yao mahali popote pa ukumbusho. Mitaa ya Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam hubeba jina la kikosi cha wachukuzi, lakini jina la kikosi si jina la mtu. Askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na yeyote akaaye karibu aweza kwenda akasoma. Wengine wa Afrika ya Mashariki wamelala Kandy, karibu na mji ule ambao wenzao waliutembelea kwa furaha.

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Askari hao waliokota rafiki wa kabila jingine, wakaokota habari za nchi za mbali na fikira ya haki. Nishani hukaa sandukuni. Lakini jina la rafiki, likiisha kuandikwa na kusomwa na wajukuu, halizami tena.