Mgonjwa Mmoja, Daftari Moja

Hotuba ya harambee kwa wana-Makete tuishio Dar es Salaam

 

Kila mwaka tunachanga kwa ajili ya nyumbani: madarasa, maji, zahanati. Leo naomba tuwaangalie na wa kwetu waliopo hapa mjini, maana kisukari kinatumaliza kimyakimya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 wana ugonjwa huu.

Mtaniuliza, si tunaishi jirani na hospitali? Kweli. Kutoka Soko la Kariakoo, Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, Amana ipo Ilala, Muhimbili ipo Upanga. Lakini kisukari hakitibiwi siku moja kikaisha. Kuna kupima sukari na presha mara kwa mara. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi. Macho na figo vikaguliwe kila mwaka, na miguu itazamwe kila unapokwenda kliniki.

Sasa mfikirieni kijana wetu anayesukuma mkokoteni Mtaa wa Kongo, au mama lishe anayewasha jiko alfajiri. Siku ya kliniki ni siku bila kipato. Basi sukari anapima duka la dawa, miwani ananunua barabarani, kidonda anaosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Kila anapofika anaanza kujieleza upya, na hakuna anayejua ameacha dawa gani. Mwenye duka kubwa ana bima, ana daktari wake, na akisahau miadi anapigiwa simu. Wametoka kijiji kimoja na ugonjwa wao ni mmoja, lakini mmoja ndiye atakayebaki na miguu yote miwili.

Tumeshawachangia wengine nauli ya kwenda Ikonda mguu ukiwa umeshaharibika. Tumetoa fedha, ila tumechelewa.

Kamati ya afya inaomba harambee hii igharimie mambo matatu.

Kwanza, bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini mtu hana budi kujiandikisha na mchango wake ulipwe. Tuwasaidie wasio na uwezo.

Pili, daftari moja kwa kila mgonjwa. Vipimo, dawa, macho, miguu, vyote viandikwe humo, na aende nalo kila anakotibiwa.

Tatu, mfuatiliaji katika kila mtaa tulipo wengi. Akumbushe miadi, amsindikize mgonjwa inapobidi, na siku hiyo mgonjwa apewe posho ya kufidia kibarua alichokosa.

Najua wapo wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa kusemwa. Atakayejiandikisha, jina lake halitasomwa mkutanoni wala kuchapishwa kwenye kijitabu hiki.

Ndugu zangu, kabla hujajaza fomu ya ahadi, mkumbuke mmoja wa kwetu unayemjua, anayekunywa maji kila saa na kidonda chake hakiponi. Andika ahadi yako ukimfikiria huyo. Kesho asubuhi mpitie kazini kwake, umpeleke akapimwe.