Maozo Hayaishii kwa Ng'ombe

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wakulima na wafugaji mjini Molo, kabla ya msimu wa mavuno

Nawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na kuja. Naona wengine mmetoka Mariashoni, wengine Turi na Elburgon. Sitawachelewesha, maana ng'ombe wa jioni hamngoji mtu.

Mimi si daktari wa mifugo wala afisa wa kilimo. Wataalamu hao wameketi hapa mbele, na maswali magumu ni yao. Kazi yangu ni kuwafikishia habari, na habari ya leo inahusu rundo moja tu la mahindi.

Nyote mnalijua rundo hilo. Tukishapukuchua mahindi tunayatandaza juani na kuanza kuchambua. Mazuri yanaingia kwenye gunia la chakula. Yaliyovunjika kidogo tunawawekea kuku. Halafu linabaki rundo la tatu: meusi, ya kijani, ya rangi ya waridi, mengine yamefunikwa na utando mweupe. Hayo ndiyo maozo. Hakuna mama hapa anayeweza kuyasaga awapikie watoto uji. Lakini pia ni wachache wanaoyatupa. Tunasema, "Weka kando, hayo ni ya ng'ombe." Hata kwetu nyumbani tulisema hivyo, na mimi mwenyewe nimebeba debe la maozo hadi zizini nikidhani nimeokoa mali.

Leo nataka tufuate debe hilo tuone linakoishia.

Ukungu tunaouona kwenye mahindi ni kiumbe hai, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumu. Iliyo hatari zaidi inaitwa aflatoksini. Sumu hii haina harufu, haina ladha, na haionekani kwa macho. Ukiukung'uta ukungu au kuuosha, sumu inabaki ndani ya punje. Ukichemsha, ukichoma, ukipika ugali hadi ushike sufuria, bado ipo. Hata kuchachusha kwa busaa hakuiondoi yote, kwa hivyo anayenunua maozo kwa ajili ya pombe hajaisafisha.

Sheria ya viwango nchini inasema mahindi ya chakula yasizidi sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja. Ili tuelewane: punje bilioni moja zingejaza magunia zaidi ya 3,000 ya kilo 90. Kati ya magunia yote hayo, uzito wa punje 10 tu ndio mpaka. Ndiyo maana hatuwezi kusema, "Ni kidogo tu, hakitadhuru."

Tena jambo hili si geni hapa Bonde la Ufa. Mwaka 1960, katika shamba moja la mlowezi kwenye bonde hili letu, vifaranga wa bata 16,000 walikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizoingia sumu hiyo. Mwaka huohuo kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula cha karanga, na hapo ndipo wanasayansi walipoanza kuitafuta sumu hii hadi wakaipa jina. Kwa hivyo habari za aflatoksini zilianzia kwa mifugo.

Kwa binadamu, kumbukumbu yetu chungu ni ya mwaka 2004. Huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wengi wao walikula mahindi waliyolima wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka. Wenzetu hao hawakuwa wazembe. Walikuwa na njaa, walihofia wizi, wakayaingiza mahindi ndani mapema. Lile ni tukio la sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki leo, ila ini lake linaharibika polepole, na aflatoksini inajulikana kusababisha saratani ya ini. Aliye na ugonjwa wa ini wa hepataitisi B yumo katika hatari kubwa zaidi.

Najua kuna mzee hapa anayesema moyoni, "Hayo ni ya Ukambani kwenye joto. Huku Molo kuna baridi." Mzee, una haki kwa nusu. Kuvu wa aflatoksini hupenda joto na ukame. Lakini baridi yetu haitukingi, kwa sababu mbili.

Kwanza, ukungu na mvua zetu zina kuvu wao. Mahindi yetu hukaa shambani muda mrefu, na mara nyingi tunavuna mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zinanyesha. Ule ukungu mweupe au wa waridi unaoanzia kwenye ncha ya suke mara nyingi ni wa jamii ya fusari, nao una sumu zake. Mojawapo humfanya nguruwe jike aonekane yuko kwenye joto wakati hayuko, na huweza kuharibu mimba.

Pili, chakula cha ng'ombe tunachonunua dukani hakikulimwa Molo. Mashudu ya pamba, mashudu ya alizeti na mahindi yake yanaweza kuwa yametoka sehemu za joto. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika miji kadhaa ya Kenya. Kati ya sampuli 412 za malisho zilizochukuliwa kwa wafugaji, 353 zilikuwa na aflatoksini. Maziwa nayo yalipimwa, na sumu ikapatikana katika sampuli nyingi, yakiwemo ya pakiti madukani.

Hapo sasa ndipo debe letu linapoishia. Ng'ombe akila maozo, ini lake huibadilisha sehemu ya aflatoksini na kuitoa kwenye maziwa. Haichukui wiki. Ukimlisha leo asubuhi, kesho sumu imo kwenye ndoo ya kukamulia. Kuchemsha maziwa hakuiondoi, na kuyagandisha yawe mala hakuiondoi. Na katika boma zetu, nani anakunywa maziwa mengi kuliko wote? Ni mtoto mdogo, yule yule tuliyekataa kumpikia uji wa maozo. Tumemnyima kwa mkono wa kulia, tukampa kwa mkono wa kushoto.

Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha ng'ombe sumu, maziwa yake husafika baada ya siku chache tu. Kosa hili linarekebishika, na linarekebishwa na sisi wenyewe.

Sasa tufanyeje? Wataalamu wetu wameniomba nisisitize mambo matano.

Moja, tusiyaache mahindi yaliyokomaa yanyeshewe shambani. Tukiyakata na kuyasimamisha mafungu, masuke yasiguse udongo.

Mbili, tukaushe juu ya turubai au jukwaa, wala si kwenye udongo mtupu. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukuelekeza palipo na kipimo. Kama hakipo karibu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, lakini endelea kuanika kabla ya kuhifadhi kwa muda mrefu. Jua likikataa, baadhi ya maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao yana mashine za kukausha. Uliza bei na siku kabla ya kukodi gari.

Tatu, tuchambue kabla ya kupukuchua na baada yake. Kuondoa masuke na punje mbovu hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa hakumalizi yote.

Nne, magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, kwenye stoo isiyovuja. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini ukifungia mahindi mabichi ndani yake umejifungia hasara.

Tano, chakula cha ng'ombe cha dukani tukikague. Kikiwa kimeshikana mabonge, kina harufu ya uvundo, au gunia limelowa, kirudishwe. Saileji yenye ukungu nayo itupwe.

Na lile rundo la tatu? Lichomwe, au lizikwe shimo refu mbali na kuku na mbwa. Lisiuzwe, maana anayelinunua atalisaga na kuturudishia kwenye gunia lenye jina zuri.

Najua ninachowaomba. Aliyetumia mbolea kwa mkopo, akapalilia mara mbili, halafu anaambiwa achome debe zima, ana haki ya kununa. Lakini tupige hesabu yote. Ng'ombe anayelishwa maozo hupunguza maziwa, ndama wake hudumaa, kuku huacha kutaga vizuri. Hasara hiyo tunailipa polepole bila risiti, na juu yake kuna ini la mtoto. Ukikausha vizuri mwaka huu, rundo la kuchoma mwaka ujao litakuwa dogo.

Kwa hivyo msimu huu mkichambua, atakapotokea mtu aseme, "Weka kando, hayo ni ya ng'ombe," mwulizeni: na maziwa ya huyo ng'ombe ni ya nani?

Sasa nawapisha wataalamu. Maswali yaanze.