Mninga: Mti Wenye Damu



Nimeombwa niseme machache juu ya mti mmoja wa kwetu Tabora. Nimechagua mninga, kwa sababu wengi wetu tunalala juu ya vitanda vya mninga, lakini ni wachache tunaoutambua ukiwa umesimama porini.

Mnamo Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, mninga huchanua maua ya manjano, na nyuki huyafuata. Tunda lake ni kama kisahani chembamba chenye miiba katikati. Ukilikata gome lake, hutoka utomvu mwekundu kama damu, nao ukikauka huwa mweusi.

Utomvu huo ndio uliowafanya wahenga wauheshimu mti huu. Walisema mti wenye damu hutibu damu. Kwa hiyo, katika nchi za miombo hata kufika Zambia na Zimbabwe, waganga wa jadi wameutumia kwa majeraha na kwa maradhi ya akina mama. Wengine walipata humo rangi, au waliuchanganya na mafuta wakajipaka. Mbao zake nazo hazipindi ovyo, wala mchwa hawaziwezi upesi.

Misafara iliyokwenda kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katika miombo hii. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, lakini gogo la mninga halibebeki hivyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, gogo nalo likapata njia ya kwenda pwani. Baadaye yakaja malori. Na majiko ya kukaushia tumbaku yakaongeza haja ya kuni, misitu ikazidi kupungua.

Sasa vijana, nisikilizeni vizuri. Mche wa mninga hunyauka kila kiangazi mpaka usawa wa ardhi, kisha huchipua tena mvua zikinyesha. Hufanya hivyo miaka kadhaa, pengine kumi, huku mzizi ukizidi kushuka chini. Mpita njia hudhani ni gugu tu. Mzizi ukishapata nguvu, ndipo shina husimama. Na mpaka lifae kupasuliwa mbao, hupita zaidi ya miaka 60. Mninga unaokatwa leo uliota zamani za babu zenu.

Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, mataifa yalikubaliana kwamba mbao za miti ya jamii hii kutoka Afrika zisivuke mipaka bila kibali. Hilo ni jema, lakini mlinzi wa kwanza ni sisi wenyewe. Wazee wenzangu, tukiagiza kitanda, tumwulize fundi mbao zimetoka wapi na kibali kiko wapi. Nanyi vijana, mkifyeka nyasi, mche wa mninga uchomekeeni kijiti cha alama, na moto msiuache uufikie. Huenda msiupasue mbao ninyi. Wajukuu wenu wataukuta.