Mganga, Mkunga na Darasa la Watu Wazima: Funzo kutoka Vijiji vya Wamalay

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa WAWATA na ninyi nyote mliokuja kutoka vigangoni.

Mada niliyopewa ni elimu ya watu wazima na maendeleo ya kijiji. Ningeweza kuanza na hapa kwetu, ambako kila mmoja ana lake la kulalamikia. Nimeona afadhali tuvuke kwanza Bahari ya Hindi, twende kwa Wamalay wa Malaysia. Anayetazama nyumba ya jirani huliona upesi paa linalovuja; akirudi kwake, naye huinua macho.

Wamalay ni Waislamu, na vijijini wengi wao wameishi kwa kulima mpunga, kugema mpira na kuvua samaki. Wakisalimiana huulizana "Apa khabar?", yaani "Habari gani?" Ulimwengu wao huuita dunia, kama sisi, na elimu huiita ilmu, kwa sababu wao na sisi tulichota kwenye kisima kimoja cha Kiarabu. Tulishike neno hilo ilmu, kwa maana ndilo litakalotuongoza leo. Mmalay hulitumia kwa masomo ya shuleni, na hulitumia pia kwa ujuzi wa mganga. Kwake, mganga ni mtu aliyetafuta elimu kwa mwalimu akaipata.

1. Elimu iliyokuwapo kabla ya ubao na chaki

Katika kijiji cha Kimalay walikuwapo wajuzi wawili walioheshimiwa: bomoh, yaani mganga, na bidan, yaani mkunga. Bomoh alitibu kwa majani na mizizi, kwa kukanda mwili, kwa ndimu, kwa ubani na kwa maneno ya dua. Bidan mara nyingi alikuwa mama mtu mzima, aliyejifunza kwa mama yake au shangazi yake. Alimzalisha mwanamke, akamkanda, akamwekea jiwe la moto lililofungwa kwa kitambaa tumboni, akamhudumia muda wa siku zipatazo 40 au 44 za kutunzwa baada ya uzazi. Hata kondo la nyuma liliheshimiwa kama ndugu wa mtoto. Lilioshwa na kuzikwa kwa adabu. Ninyi akina mama mnaojua maana ya arobaini mnaelewa ninachosema.

Mtafiti Carol Laderman wa Marekani alikwenda Terengganu, pwani ya mashariki, katika miaka ya 1970. Alijifanya mwanafunzi wa mkunga na wa mganga, akasoma kwa kuketi na kutazama. Aliyoyaona kuhusu uzazi na chakula aliyatoa katika kitabu mwaka 1983. Baadaye alieleza pia ngoma ya uponyaji iitwayo main peteri. Wamalay wa huko husema kwamba kila mtu huzaliwa na angin, maana yake upepo, ndani yake: vipawa na shauku zake. Upepo huo ukizuiwa usitoke, mtu huugua. Katika ngoma, mgonjwa hupewa nafasi ya kuwa kile ambacho nafsi yake ilikitamani, naye hupata nafuu.

Sisemi tuyapokee yote hayo. Imani yetu ina mipaka yake kuhusu mizimu. Nasema tu kwamba palikuwa na walimu, wanafunzi, mtaala wa kukariri na mtihani mgumu kuliko yote: mgonjwa aliyelala mkekani.

2. Darasa la serikali

Nchi ilipata uhuru mwaka 1957. Tun Abdul Razak, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alisimamia maendeleo ya vijijini kwa nguvu kubwa. Kila wilaya ilitakiwa kuwa na kitabu kikubwa chekundu chenye ramani na mipango ya barabara, visima, shule na zahanati. Mwaka 1961 serikali ilianzisha pia madarasa ya watu wazima vijijini ili wasiojua kusoma wajifunze. Ilikuwa kazi njema, na matunda yake yalionekana.

Lakini maendeleo yanayoletwa kutoka juu huwa na jaribu lake. Katika bonde la mpunga la Muda, jimboni Kedah, mifereji ya umwagiliaji iliwezesha mavuno mawili kwa mwaka tangu 1970. Baadaye ziliingia mashine za kuvunia, na maskini waliokuwa wakiishi kwa kibarua cha kuvuna na kupura wakaikosa riziki hiyo. Mtafiti James Scott, aliyekaa katika kijiji kimoja cha huko kati ya 1978 na 1980, alieleza jinsi hata vifaa vya ujenzi vya msaada vilivyowafikia zaidi wafuasi wa chama kilichotawala. Mpunga uliongezeka, haki haikuongezeka nao. Kamati ya kijiji ilikuwapo, lakini maskini hakuwa na sauti ndani yake.

3. Wakunga wawili katika nyumba moja

Sasa nifike kwenye kiini cha mada yangu. Mwaka 1950, katika nchi hiyo, akina mama zaidi ya 500 walikufa kwa kila vizazi hai 100,000. Kufikia miaka ya 1990 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 50. Yalifanyikaje?

Yalisaidia mengi: barabara, dawa, damu salama, hospitali za wilaya, na mkunga aliyesomea kazi, aliyepelekwa kukaa kijijini katika kituo kidogo kilichokusudiwa kuhudumia watu wapatao 2,000. Lakini msichana huyo wa serikali alipofika, wanakijiji hawakumwita. Walimwita bidan wao, aliyewazalisha wao na mama zao.

Hapo palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kumpiga marufuku mkunga wa kijiji. Ya pili ilikuwa kumfanya mshirika, na Malaysia ilichagua hiyo ya pili. Wakunga wa jadi walialikwa kwenye mafunzo. Walifundishwa usafi, kwa maana desturi ya kukata kitovu kwa ukingo wa mwanzi iliweza kumletea mtoto pepopunda. Walifundishwa kuzitambua dalili za hatari na kumpeleka mama mapema. Sheria ya wakunga ya mwaka 1966 iliwaruhusu waliokuwapo waandikishwe. Na kazi iligawanywa kwa heshima: mkunga wa serikali alimzalisha mama, na bidan aliketi kichwani pake, akamtia moyo, akasoma dua, kisha akamkanda na kumtunza siku zile arobaini. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni na mwenyeji waliponyana.

Taratibu, bila vita, kazi ya kuzalisha ilihamia kwa mkunga aliyesomea. Bidan hakuaibishwa mbele ya watu wake. Wala ujuzi wake haukutupwa: tangu mwaka 2007 baadhi ya hospitali za serikali ya Malaysia zimetoa huduma za tiba ya asili, pamoja na kukandwa kwa mama baada ya kujifungua.

Ndugu zangu, hapa yanipasa kukiri kosa langu. Nilipokuwa padre kijana, nimetoka seminarini na vitabu vyangu, nilisimama kigangoni nikawalaani wakunga wa jadi wote bila kubagua. Baada ya miezi michache mama mmoja alishikwa na uchungu siku mbili. Mkunga aliyekuwa naye aliona mambo ni magumu, lakini aliogopa kuleta habari misheni, kwenye gari pekee lililokuwapo, asije akatajwa altareni. Gari lilipoitwa, tulikuwa tumechelewa. Mama alipona, mtoto hakupona. Niliyemfunga mdomo yule bibi ni mimi.

4. Tusifunike ubaya

Isidhaniwe ninawatetea waganga wote. Mwaka 1993, katika jimbo la Pahang, mwanasiasa mmoja aliyewaendea waganga akitafuta cheo aliuawa nao kikatili. Mganga, mumewe na msaidizi wao walihukumiwa na kunyongwa mwaka 2001. Nasi Watanzania tumewazika ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa uongo wa namna hiyo hiyo. Anayeuza hofu, anayemtaja jirani kuwa mchawi, anayeahidi utajiri kwa damu ya mtu, huyo hana elimu ya kushirikishwa. Ana kesi ya kujibu. Haki inatudai tutofautishe. Kumtia mkunga mwadilifu kapu moja na mwuaji ni dhuluma, na kumfumbia macho mwuaji kwa jina la mila ni dhuluma kubwa zaidi.

5. Linatuhusu nini?

Nasi tulikuwa na historia njema. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kusafisha visima. Walisikia, wakasemezana, wakatenda. Mtu mzima hujifunza hivyo. Hafundishwi kama mtungi mtupu unaojazwa maji. Huja darasani na maji yake, na mwalimu mwenye busara huyaonja kwanza, akajua yapi ni safi na yapi yachemshwe.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anatufundisha kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu, na kwamba mganga naye apewe nafasi yake. Basi tunapopanga mradi wa maji, wa afya au wa kilimo, swali la kwanza lisiwe tutawafundisha nini watu hawa, bali wanajua nini tayari, na nani hajaulizwa. Mara nyingi asiyeulizwa ni mama mzee, ameketi karibu na mlango, naye ndiye anayejua.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu ni nani wenye ujuzi wa kutunza akina mama na wagonjwa? Je, wana uhusiano gani na zahanati?
2. Mkunga au mganga anapoona hatari, ni kitu gani kinachomzuia kumpeleka mgonjwa mapema: umbali, fedha, au hofu ya kuaibishwa?
3. Kamati zetu za maendeleo zinamsikiliza nani, na zinamsahau nani?
4. Tutamlindaje jirani anayesingiziwa uchawi na mpiga ramli?

Mungu awabariki.