Gunia Halipimi Msitu: Kuni na Mkaa wa Handeni na Korogwe

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata

Handeni na Korogwe ni wilaya jirani, lakini historia zake za kuni hazifanani. Anayetaka kuzilinganisha kwa haki hana budi kuuliza mambo mawili: miti ilikatwa kwa ajili ya nani, na baada ya kukatwa ardhi ilifanyiwa nini.

Korogwe ilitangulia. Reli kutoka Tanga iliufikia mji huo mwaka 1902, na treni za mvuke za enzi hizo zilihitaji kuni. Kisha mashamba ya mkonge yakatanda bondeni. Vichaka vikafyekwa na visiki vikang'olewa. Tangu hapo, kuni za jikoni zikawa za kutafutwa mipakani mwa mashamba na kwenye miti ya kupandwa. Bonde hilohilo la Mto Pangani hutoa umeme, na kituo cha Hale kilifunguliwa mwaka 1964, lakini mafiga hayakuzimika. Umeme uliwasha taa. Ugali uliendelea kusongwa kwa kuni.

Handeni ilibaki na miombo kwa muda mrefu zaidi. Matawi makavu waliyookota akina mama hayakuutishia msitu. Mambo yalibadilika pale mahitaji ya miji, hasa Dar es Salaam, yalipoifuata barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, na magunia ya mkaa yakapangwa kandokando yake.

Hapo ndipo hesabu inapohitajika. Kilo 10 za kuni kavu zina nishati ipatayo megajuli 150. Tanuri la udongo la kienyeji huzigeuza kuwa kilo 1 hadi 2 za mkaa, na kilo moja ya mkaa ina takriban megajuli 30. Zaidi ya nusu ya nishati hupotea msituni kabla gunia halijashonwa. Jiko banifu la mkaa hupunguza mkaa unaotumika jikoni, lakini haliifuti hasara hiyo.

Kwa sababu hiyo, mwaka wa magunia mengi si lazima uwe mwaka wa neema. Gunia hupima kilichoondoka, halipimi kinachoota.

Hata hivyo, miombo haifi kwa shoka peke yake, kwani visiki vyake huchipua. Kinachoiua ni moto wa kila mwaka, mifugo inayomaliza machipukizi, na jembe linalofuata nyuma ya tanuri. Marufuku ya mkaa ya Januari 2006 haikudumu, maana miji ilikuwa bado haijapata cha kupikia badala yake. Njia iliyo mikononi mwa wananchi ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuuvuna kwa mpango. Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji vimevuna mkaa kwa vitalu, na kitalu kilichokatwa kikaachwa kwa miaka mingi kijirudishe.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kisiki kinachokatwa leo hakitangoja mwaka huo. Kitachipua au kitakufa kulingana na uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji: kitalu gani kivunwe, kipi kipumzishwe, na nani akilinde dhidi ya moto. Uamuzi huo ndio utakaoonyesha kama mtoto wa Handeni atazifuata kuni mbali kuliko alivyozifuata mama yake.